Filta ya ND ya kuzungusha ya bei nafuu: kwa bahari yetu inatosha, ukijua mpaka wake

Assalaam alaykum, ndugu wanajukwaa.

Nimeona mara nyingi vijana wetu wa hapa Unguja wakiuliza kama kuna faida ya kununua filta ya ND ya kuzungusha ya bei ya chini, na majibu wanayopewa huwa ya mkato: ama huambiwa kuwa ni takataka, ama huambiwa wanunue bila ya kufikiri. Mimi nimeitumia moja kwa miaka miwili, kutoka Forodhani hadi Jambiani, na rai yangu haiko upande wowote kati ya hizo mbili. Filta hii ina eneo ambalo hufanya kazi vizuri na ina eneo ambalo huharibu picha, na kwa bahati njema lile eneo zuri ndilo ambalo bahari yetu hulihitaji zaidi.

Kwa asiyeijua, ND ni kioo cha giza kinachofungwa mbele ya lenzi ili mwanga uingie kidogo na shata, yaani pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia, ikae wazi kwa muda mrefu zaidi, hata kile kinachotembea, kama maji au mawingu, kiache alama ya mwendo wake kwenye picha badala ya kugandishwa. Nguvu yake hupimwa kwa stopu, na kila stopu moja huukata mwanga kwa nusu, maana yake muda huongezeka mara mbili. ND64 ni stopu 6, na ND1000 ni takriban stopu 10. Filta ya kawaida ina nguvu moja tu isiyobadilika. Ya kuzungusha ina polaraiza mbili, yaani vioo vinavyopitisha mwanga unaotikisika kwa uelekeo mmoja tu, zilizopandana ndani ya pete moja. Unapoizungusha ya mbele, giza huongezeka au hupungua.

Kanuni inayoiendesha ni ya zamani. Étienne-Louis Malus, mhandisi Mfaransa aliyekuwa amefuatana na jeshi la Napoleon huko Misri, alitazama kupitia kipande cha fuwele mwanga wa jua la jioni uliokuwa ukirudishwa na vioo vya madirisha ya Kasri la Luxembourg mjini Paris, akaona kwamba mwanga huo unabadilika kadiri anavyoigeuza fuwele. Kutokana na kazi yake tunajua kwamba mwanga unaopita katika polaraiza mbili hutegemea pembe iliyo kati yao, na kwamba hautegemei kwa ulinganifu wa moja kwa moja. Hapa ndipo penye siri yote ya filta hizi, kwa hiyo naomba mnivumilie kwa hesabu kidogo. Polaraiza zikiwa zimelingana, unageuza nyuzi 45 nzima ili upate stopu moja ya ziada. Ukifika nyuzi 60 umepata mbili. Ya tatu ipo karibu na nyuzi 69, ya nne nyuzi 75 na nusu, ya tano kiasi cha 80, ya sita karibu 83, na ya saba karibu 85. Kwa maneno mengine, kutoka stopu ya sita hadi ya saba ni nyuzi mbili tu, mguso mdogo wa kidole, ilhali ile ya kwanza ilihitaji nusu ya robo ya duara.

Sasa fikirini lenzi pana. Mwanga unaoingia katikati ya picha hupita moja kwa moja, lakini ule wa pembeni huingia kwa mshazari, na kwa lenzi ya milimita 18 kwenye kamera zetu nyingi zenye sensa ndogo ya APS-C (sensa ni kile kibamba kinachopokea picha) mshazari huo hufikia karibu nyuzi 38 kwenye kona. Mwanga ulioingia kwa mshazari hauzioni polaraiza mbili kwa pembe ileile inayoonwa na mwanga wa katikati. Mwanzoni mwa pete tofauti hiyo haidhuru kitu, lakini mwishoni, ambapo nyuzi mbili ni sawa na stopu nzima, hujitokeza wazi kama msalaba mweusi uliotanda kwenye picha. Hakuna programu ya kompyuta itakayoufuta ukabaki na picha ya kujivunia. Filta ya gharama kubwa huzuia hali hii kwa kuweka kizuizi kwenye pete ili usifike huko. Ya bei nafuu inakuachia uzunguke mpaka uingie shimoni.

Mimi niliingia. Filta yangu imeandikwa ND2-400, nami nikaamini kwamba nimenunua stopu 8.6 kamili. Nikaenda Forodhani saa saba mchana, lenzi ikiwa milimita 18, nikazungusha pete hadi mwisho ili mashua zilizotia nanga zionekane juu ya maji laini. Picha zilitoka na msalaba uliokatiza mbingu kutoka kona hadi kona, maji yamechukua rangi ya kahawia, na mashua zenyewe hazina ukingo kwa sababu zilikuwa zikiyumba muda wote shata ilipokuwa wazi. Nilimlaumu aliyeniuzia kwa wiki nzima. Nilipokaa na hesabu hiyo niliyoieleza hapo juu ndipo nilipoelewa kwamba namba iliyoandikwa kwenye pete ni mahali ambapo filta inaweza kufika, na kwamba mahali pa kufanyia kazi ni kabla ya hapo kwa mbali. Kwa filta yangu mpaka ni kiasi cha stopu 6 nikiwa milimita 35 na kuendelea, na stopu 4 au 5 nikiwa milimita 18.

Je, stopu 5 au 6 zinatosha? Kwa pwani zetu nasema zinatosha, na nitaeleza kwa nini. Upande wa mashariki, kuanzia Matemwe hadi Makunduchi, mwamba wa matumbawe uko mbali na ufuo, mawimbi makubwa yanavunjika huko nje, na maji ya ndani huwa yametulia. Ukiacha shata wazi kwa sekunde 30 kwenye maji ambayo tayari yametulia, hupati zaidi ya kile ambacho sekunde 2 zingekupa, ila ngalawa zitakuwa zimekosa sura kwa kuyumba. Pale Paje na Jambiani kwenye mashamba ya mwani, maji yanapoingia taratibu kati ya vigingi, sekunde moja hulainisha vikunjo vya maji na bado kamba huonekana. Upande wa magharibi, kwenye miamba ya Mangapwani au chini ya ukuta wa Mizingani, robo ya sekunde hadi sekunde moja huacha ile michirizi ya povu linalorudi baharini, ambayo kwangu ndiyo uhai wa picha. Ukizidisha muda, michirizi hugeuka ukungu mtupu, na picha ya Mangapwani haitofautiani tena na ya pwani yoyote duniani.

Jambo la pili ni mwanga wetu. Tuko karibu nyuzi 6 kusini ya ikweta, na jua letu huzama karibu wima. Wenzetu wa nchi za kaskazini hupata saa nzima au zaidi ya mwanga wa jioni unaobadilika polepole. Sisi tuna dakika ishirini na kidogo tangu jua lizame hadi giza lianze kushika. Katika muda huo mfupi vipimo hukimbia. Robo saa kabla ya jua kuzama, kwa f/8 (kipimo cha tundu la lenzi) na ISO 100 (kipimo cha wepesi wa sensa kupokea mwanga), huenda kamera ikakuomba 1/60 ya sekunde, na stopu 6 hukupa sekunde moja. Dakika chache baada ya kuzama inaomba 1/8, na stopu 3 hukupa sekunde ileile. Muda kidogo tena na hiyo sekunde unaipata bila ya filta yoyote. Mwenye filta isiyobadilika atakuwa anafungua na kufunga kioo katikati ya upepo na mchanga, wakati mwenye ya kuzungusha anarudisha pete nyuma kidogo kidogo na kuendelea kupiga. Hii ndiyo sababu kubwa inayonifanya niitetee.

Na kwa sisi tunaoswali, jua kuzama ni adhana ya Magharibi, kwa hiyo mwanga bora hutukuta msikitini. Mimi hupanga kupiga kabla ya jua kuzama, naswali kwenye msikiti ulio karibu, kisha narudi kwa dakika chache zilizobaki, ambazo filta haihitajiki tena. Hiyo nayo ni sababu ya kutaka kifaa kisichopoteza muda.

Namna ninavyofanya: naweka pete kwenye mwanzo wake ili nione vizuri, napanga picha na kulenga fokasi kwa kitu kama ngalawa au kigingi, kisha nahamisha fokasi iwe ya mkono ili isibadilike. Halafu nazungusha taratibu huku natazama kipimo cha mwanga cha kamera. Siziamini alama za kwenye pete, kwani kwa filta za bei hii hazina uhusiano wa kuaminika na stopu halisi. Tripodi naikandamiza mchangani hadi isimame imara, nazima kitulizaji cha mtikisiko cha lenzi, na napiga kwa kipima muda cha sekunde 2 ili mkono wangu usiiguse kamera. Napiga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalisindika, kwa sababu kioo cha bei nafuu huongeza rangi yake, yangu hupeleka picha kwenye njano, na kwenye RAW hurekebishwa kwa kuipiga karatasi nyeupe picha moja filta ikiwa imefungwa na kuitumia kama kipimo cha nyeupe. Jiepusheni na f/22 kwa ajili ya kuongeza muda, kwani kwenye sensa ndogo tundu dogo kiasi hicho hufifisha ukali wa picha nzima.

Karibuni tuchangie.

Mchangiaji kutoka Wete:

Waalaykum salaam, maalim. Nashukuru kwa maelezo, ila naomba nisikubaliane nawe kwa jambo moja. Umeizungumzia bahari, hukuyazungumzia mawingu. Mimi hupenda kwenda Ras Kigomasha, kwenye ule mnara wa chuma wa taa, wakati wa kusi ambapo mawingu yanakwenda kwa kasi. Mawingu hayaachi mchirizi kwa sekunde moja. Yanataka dakika, na dakika wakati wa mchana zinataka stopu 10 au zaidi. Hapo filta yako ya kuzungusha haina la kufanya. Kwa nini kijana asiweke akiba akanunua ND1000 moja isiyobadilika, ambayo nayo siku hizi si ghali, akawa hana msalaba wala hesabu za nyuzi?

Mwenye uzi:

Ndugu yangu, kwa mawingu umesema kweli tupu na sina hoja ya kukupinga. Anayetaka mawingu yaliyovutwa juu ya mnara asinunue ya kuzungusha akitarajia kuyapata. Ila na ND1000 ina masharti yake: ukishaifunga huoni kitu kwenye kitundu cha kutazamia, kwa hiyo fokasi na mpangilio ufanywe kabla; na kwa kamera zenye kioo ndani kitundu hicho kifunikwe, la sivyo mwanga huingia kwa nyuma na kuacha doa, na kwa joto letu sensa iliyofanya kazi kwa dakika kadhaa hutoa vinukta vya rangi, ambavyo kamera ikiambiwa ivisafishe itachukua muda mwingine kama ule uliopiga.

Kuna njia ya tatu ambayo haigharimu senti, nami nimeitumia mara nyingi. Kamera ikiwa imara kwenye tripodi, piga picha 16 za sekunde 2 mfululizo, bila ya kuacha nafasi kati yake ili mawingu yasikatikekatike, kisha zipandanishe kwenye kompyuta ili upate wastani wake. Kwenye GIMP, ambayo ni ya bure, unaziweka kama tabaka: ya chini kabisa uzito wake (opacity) 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, na kuendelea hivyo kwa kugawa 100 kwa namba ya tabaka. Unapata mwendo wa sekunde 32, na chembechembe za picha hupungua hadi robo. Filta ya kuzungusha inakufikisha kwenye sekunde 2, na kupandanisha kunakufikisha unakotaka.

Mchangiaji kutoka Kiembesamaki:

Mimi ni mpiga video wa harusi, na kwa upande wetu filta hii ni chombo cha kila siku. Tunapiga fremu 25 kwa sekunde na shata tunaiweka 1/50 ili mwendo wa watu uonekane wa kawaida, kwa hiyo bibi harusi anapotoka nje saa tisa alasiri hatuna pa kupunguzia mwanga isipokuwa filta. Nyongeza yangu ni kwamba mtu ajihadhari na ngozi na nguo: kwenye giza kubwa la pete, koti jeusi la bwana harusi hugeuka hudhurungi. Vilevile polaraiza ya mbele hubadilisha mng'aro. Ukizungusha pete, mng'aro wa maji ya bwawa au wa gari unakuja na kutoweka, na mteja anaweza kudhani umebadilisha kamera.

Mwenye uzi:

Ahsante sana, hilo la mng'aro nililisahau na ni muhimu pwani pia. Mchanga uliolowa wakati maji yanapopwa uzuri wake wote ni ule mng'aro unaobeba rangi ya mbingu, na polaraiza ya mbele ikikaa vibaya huufuta. Dawa yake ni kuifungua filta nzima kwenye uzi wake kiasi cha robo ya mzunguko bila ya kuigusa pete ya mbele: giza linabaki lilelile, na mng'aro unarudi. Msifungue zaidi ya hapo, kwani kioo kikianguka kwenye miamba ya Mangapwani hakina kupona.

Mchangiaji kutoka Chake Chake:

Kaka, mimi ndio kwanza naanza, nina Canon yenye lenzi ya 18-55 iliyokuja na kamera. Ninunue filta ya kipimo gani, na nitaijuaje nzuri kabla sijatoa pesa?

Mwenye uzi:

Dada yangu, lenzi hiyo aghlabu inachukua filta ya milimita 58, lakini nakushauri usinunue ya 58. Nunua ya milimita 77 pamoja na pete ya kupandisha kipimo kutoka 58 hadi 77, ambayo bei yake ni ndogo sana. Ukibadilisha lenzi kesho utabadilisha pete tu, na kioo kikubwa hakileti weusi kwenye kona za picha kama kile kinachobana ukingo wa lenzi. Hasara yake ni kwamba kifuniko cha kuzuia jua hakitafunga tena, kwa hiyo utatumia kiganja chako kuweka kivuli jua linapokuwa la ubavuni.

Kuhusu kuijaribu, usiipime kwa kuitazama mbele ya kioo cha simu. Vioo vingi vya simu na kompyuta vina polaraiza ndani yake, na utaona giza na rangi za ajabu ambazo si kosa la filta. Nenda nayo kwenye ukuta mweupe ulio kivulini, funga kwenye lenzi, na upige picha kwa milimita 18, 35 na 55, ukizungusha hatua kwa hatua kutoka mwanzo hadi mwisho. Andika ni wapi msalaba unaanza kuonekana kwa kila urefu wa lenzi, kisha tia alama ndogo ya rangi ya kucha kwenye pete, na tangu siku hiyo usivuke alama. Piga pia kitu chenye maandishi kwa milimita 55, kwanza bila ya filta, kisha nayo, ukuze picha na uzilinganishe. Kioo kibovu hujulikana hapo: herufi hupoteza ukali au huwa na kivuli. Ikiwa hivyo, irudishe siku hiyohiyo.

Na ukishaipata, itunze. Mchanga wetu ni unga wa matumbawe, ukiingia kwenye pete unakwaruza na kukwama, kwa hiyo ipulizie kwanza kabla ya kuizungusha. Marasharasha ya chumvi yanayoruka na mawimbi yafute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji baridi ya mfereji, usiitumbukize ndani ya maji, kwani filta za bei hii hazijazibwa na maji yakishaingia kati ya vioo viwili hayatoki. Ihifadhi pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, hasa wakati wa masika.

Mchangiaji kutoka Wete:

Maalim, nimekubali kuijaribu hiyo njia ya kupandanisha. Swali langu la mwisho ni la maji. Umesema sana kuhusu mawimbi ya Mangapwani na jua la Magharibi, lakini kila nikivuka kuja Unguja nafika maji yameshapwa na kilichobaki ni matope na mawe. Unachagua siku vipi?

Mwenye uzi:

Nafuata mwezi. Siku ya mwezi kuandama na siku ya mwezi mpevu, maji ya pande zetu hujaa mnamo saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata huchelewa kiasi cha dakika hamsini. Kwa hiyo ukihesabu siku tatu baada ya mwezi kuandama au kupevuka, kujaa kwa maji kunakutana na jua kuzama, na maji bado yana nguvu kwa kuwa bamvua halijaisha. Ukija siku za maji mafu, wiki moja baada ya hapo, utakuta jioni maji yako chini. Mimi ile siku ya tatu na mbili za kabla yake naziandika kwenye kalenda mwanzo wa kila mwezi wa Kiislamu, na hufika ufukweni saa kumi na moja ili nipate muda wa kuchagua jiwe la kusimamia kabla maji hayajalifikia. Ukija mara nyingine niarifu kwenye ujumbe binafsi, twende pamoja, na ile ND1000 yako uje nayo.